Nafasi ya Gari Mbele ya Nyumba: Kampuni Changa ya Maegesho Ilivyokua na Yanayotuhusu Katani

Mkazi yeyote aliyewahi kupita karibu na gulio letu kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri anaijua hali ilivyo. Fuso zilizoleta viazi zimeegeshwa upande mmoja wa barabara, Noah za abiria upande wa pili, na katikati yake bajaji na bodaboda zinapenya kwa kupigiana honi. Mama aliyebeba ndoo ya nyanya kichwani hulazimika kutembea katikati ya lami, kwa kuwa pembezoni hapana pa kukanyaga. Gari la wagonjwa likitokea zahanati, dereva hushusha kioo na kuomba njia kwa mkono, gari moja baada ya jingine. Hatua hamsini tu kutoka hapo kuna viwanja vya nyumba, vimezungushiwa michongoma, havina kitu ila kuku wawili watatu wanaochakura.

Taswira hiyo ya barabara iliyojaa na viwanja vilivyo wazi ndiyo iliyomsukuma kijana mmoja wa Uingereza kuanzisha kampuni ambayo leo inajulikana katika sekta ya maegesho. Katika toleo hili tunaieleza safari yake, kwa sababu ndani yake mna mambo yanayowahusu vijana wanaotafuta wazo la biashara, wenye nyumba karibu na masoko, na kila mlipakodi anayetaka kujua fedha za maegesho huishia wapi.

Kijana huyo ni Anthony Eskinazi. Alikuwa ziarani San Francisco, Marekani, akataka kwenda kutazama mchezo wa besiboli. Alizunguka na gari karibu na uwanja akitafuta pa kuliacha asipate, na katika kuzunguka huko akaona sehemu za kuegeshea magari mbele ya nyumba za watu zikiwa tupu. Alijiuliza kwa nini mwenye nyumba asimkodishie nafasi ile kwa saa tatu, yeye aende kwenye mchezo na mwenye nyumba apate chochote. Aliporudi London alianzisha tovuti mwaka 2006 na kuipa jina lililoeleza kazi yake waziwazi: ParkatmyHouse, yaani egesha nyumbani kwangu. Mwenye nyumba aliorodhesha nafasi yake na bei, dereva akaitafuta na kuilipia kabla ya kufika, na kampuni ikachukua kamisheni.

Wazo hilo likielezwa linaonekana jepesi mno, hata mtu akajiuliza kwa nini halikufikiriwa mapema. Ugumu wake uko mahali pengine. Biashara ya namna hii ina wateja wa aina mbili, na kila aina humsubiri mwenzake. Dereva hataingia kwenye tovuti isiyo na nafasi karibu na anakokwenda, na mwenye nyumba naye hataona haja ya kuandikisha uwanja wake mahali ambapo hakuna dereva anayetafuta. Wauza mitumba wanaojaribu kufungua soko jipya wanalijua tatizo hili vizuri: wauzaji wasipokuja wanunuzi hawaji, na wanunuzi wasipokuja wauzaji hurudi walikotoka. Kwa hiyo biashara kama hii hushika mizizi kwanza mahali penye shida kali na ya mara kwa mara, kama vile karibu na viwanja vya michezo, stesheni za treni na hospitali. Katika kitongoji cha Wimbledon, London, wakati wa mashindano ya tenisi ya kila mwaka, wenye nyumba wengi hukodisha nafasi zao kwa watazamaji, kisha mashindano yakiisha mtaa hurudi katika hali yake ya kawaida. Hapa kwetu hatuna tenisi, lakini tuna gulio.

Inafaa kueleza pia kwa nini shida ya maegesho si shida ya wenye magari peke yao. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye mwaka 2005 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu gharama ya maegesho ya bure, alikusanya tafiti zilizofanywa katika miji mbalimbali tangu mwaka 1927. Katika maeneo yenye msongamano yaliyochunguzwa, wastani wa magari yaliyokuwa yakizunguka kutafuta nafasi ulifikia takriban asilimia 30 ya magari yote barabarani. Hao hawakuwa wasafiri. Walikwisha kufika walikokuwa wakienda, wakabaki kuwazibia njia wengine. Shoup alikuwa akisema pia kwamba gari la kawaida hukaa limeegeshwa kwa takriban asilimia 95 ya maisha yake. Ukiutazama mji kwa takwimu hiyo, utaona kwamba swali la gari litakaa wapi lina uzito uleule wa swali la barabara litakayopita.

Turudi kwa kampuni yetu. Mwekezaji mkubwa wa kwanza, mfuko wa uwekezaji wa kampuni ya magari ya BMW ya Ujerumani, aliingia mwaka 2011, yaani miaka mitano baada ya tovuti kuanza. Tunaomba vijana wausome mstari huo mara mbili. Habari za kampuni changa zinazofika kwetu kupitia simu huanzia siku ya mkataba na picha za kupeana mikono, na ile miaka mitano ya kujibu barua za wateja, kurekebisha makosa na kumbembeleza mwenye nyumba mmoja mmoja hairushwi hewani. Mwaka 2014 kampuni ilibadili jina ikawa JustPark. Sababu ilikuwa ya kimantiki: waliokuwa wakiorodhesha nafasi hawakuwa tena wenye nyumba pekee, bali pia hoteli, makanisa na maeneo ya biashara yaliyokuwa na viwanja visivyotumika kwa baadhi ya siku au saa.

Mwaka uliofuata, 2015, ilifanya jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi ndilo la kuvutia kuliko yote. Badala ya kutegemea wawekezaji wakubwa peke yao, iliwaalika watu wa kawaida wanunue hisa kupitia jukwaa la mtandaoni la Crowdcube. Lengo lilikuwa pauni milioni 1. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 3.5, kutoka kwa watu zaidi ya 2,500, wengi wakiwa wametoa kiasi kidogo kidogo. Watu wa hapa hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, maana mwanachama wa VICOBA au SACCOS huifahamu nguvu ya kidogo kinachotoka kwa wengi. Tofauti moja tu isisahaulike. Katika kikundi chako unawajua wenzako kwa sura na unajua mkopo umekwenda kwa nani, ilhali mnunuzi wa hisa za kampuni changa huweka fedha mahali ambapo anaweza kuzikosa zote, na hakuna mweka hazina wa kumfuata nyumbani jioni.

Mwaka 2024 JustPark iliungana na ParkHub, kampuni ya Dallas, Marekani, ambayo kazi yake kubwa ni maegesho ya viwanja vya michezo na matamasha. Wazo lililozaliwa pembeni ya uwanja wa besiboli limezunguka dunia na kurudi kwenye geti la uwanja.

Sasa tuje kwenye upande wa serikali za mitaa, ambao mara nyingi husahaulika katika hadithi za namna hii. Kwa muda, wenye nyumba wengi wa Uingereza hawakuwa na uhakika kama kukodisha nafasi mbele ya nyumba kunahitaji kibali cha mipangomiji cha halmashauri. Mwaka 2013 waziri aliyesimamia serikali za mitaa, Eric Pickles, alitoa msimamo kwamba mwenye nyumba asisumbuliwe kwa vibali pale ambapo ukodishaji hauleti kero kwa majirani. Kuanzia Aprili 2017 sheria ya kodi nayo iliruhusu mtu apate hadi pauni 1,000 kwa mwaka kutokana na mali yake, nafasi ya maegesho ikiwemo, bila kutozwa kodi ya mapato kwa kiasi hicho. Hatua hizo mbili hazikuigharimu serikali ujenzi wa kiwanja hata kimoja, lakini ziliwafanya watu wengi wasiogope. Ofisi za umma, yetu ikiwa mojawapo, zina tabia ya kulikataza kwanza jambo jipya na kulielewa baadaye. Mwandishi analisema hili akiwa mtumishi wa ofisi hizo.

Lakini si kila ubunifu unastahili kufunguliwa njia, na mfano bora unatoka katika jiji lilelile alikozungukia Eskinazi. Mwaka 2014 iliingia San Francisco programu ya simu iliyoitwa MonkeyParking. Dereva aliyekuwa ameegesha pembeni mwa barabara ya umma aliweza kuinadi nafasi hiyo: anayetaka kuipata anataja bei, wa juu anashinda, na aliyepo anaondoa gari ili kumpisha. Mwezi Juni mwaka huo Mwanasheria wa Jiji, Dennis Herrera, aliiandikia kampuni hiyo kuitaka iache mara moja, akieleza kwamba sheria ya jiji inakataza kununua, kuuza au kukodisha nafasi za barabarani, na kwamba dereva anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 300 kwa kila kosa.

Mtu aweza kuuliza tofauti iko wapi, kwani katika hali zote mbili dereva analipa na anapata pa kuegesha. Tofauti ni mali ya nani inauzwa. Mwenye nyumba wa London anakodisha kilicho chake. Dereva wa MonkeyParking alikuwa akiuza barabara ambayo ni mali ya wakazi wote wa jiji, wakiwemo wasio na magari, kisha fedha ikaingia mfukoni mwake na mwa kampuni. Hapa kwetu jambo hili halijafika kwa njia ya programu za simu, lakini limekwisha kufika kwa njia ya mawe na madebe. Anayeweka jiwe kwenye hifadhi ya barabara mbele ya duka lake, au kijana anayemtoza dereva shilingi mia tano kwa nafasi aliyoizungushia kamba pembeni mwa lami, anafanya biashara ileile. Hifadhi ya barabara inalindwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, wala mtu binafsi hana cha kukodisha hapo. Uwanja wako uliozungushiwa michongoma ni habari nyingine.

Kampuni za maegesho kama JustPark hazikubaki kwenye viwanja vya watu binafsi. Soko kubwa zaidi limekuwa la kuzisaidia halmashauri kukusanya ada za barabarani kwa simu. Historia ya ada hizo ni ndefu. Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City mwezi Julai 1935, ikipokea senti 5 kwa saa, na lengo lake lilikuwa kuwazuia wenye magari na wafanyakazi wa madukani wasizikalie nafasi kutwa nzima huku wateja wakikosa pa kusimama. Simu zilipokuja, halmashauri nyingi za Uingereza zilianza kuziondoa mashine za sarafu. Ndipo wazee na wasio na simu janja walipojikuta wamefungiwa nje ya mji wao wenyewe. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2023 waziri Michael Gove aliziandikia halmashauri kuzitaka zihakikishe kuna njia nyingine za kulipa kwa watu hao. Matapeli nao hawakukaa nyuma. Walibandika kwenye mashine za maegesho stika za msimbo wa kuskani zinazompeleka dereva kwenye tovuti bandia, akaacha huko taarifa za kadi yake ya benki.

Kwa upande wetu, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianza mwaka 2021 kuhamishia ada za maegesho kwenye mfumo wa kielektroniki. Namba ya gari huingizwa kwenye kifaa, na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Uzuri wa namba hiyo ni kwamba inalipika hata kwa simu ya kitochi, kwa kubonyeza nyota na tarakimu, au kwa wakala wa benki aliye mtaani. Bado tunawaomba wananchi wachukue tahadhari. Usimkabidhi mtu fedha taslimu kwa ahadi kwamba atakulipia. Kabla ya kuingiza namba yako ya siri, soma jina la taasisi linalotokea kwenye simu. Likiwa ni jina la mtu badala ya la taasisi ya Serikali, usilipe, na utoe taarifa ofisi ya kata.

Liko na suala la taarifa binafsi, ambalo wengi hulipuuza mpaka liwafike. Kampuni ya maegesho inajua namba ya gari lako, namba ya simu yako, na mahali ulipokuwa, siku gani, kwa muda gani. Mwaka 2021 kampuni ya Marekani ya ParkMobile ilivamiwa na wadukuzi, na taarifa za watumiaji wapatao milioni 21 zikavuja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na chini yake ipo Tume yenye mamlaka ya kupokea malalamiko. Anayechukua taarifa zako ana wajibu wa kukueleza anazichukua kwa kazi gani.

Tukio la mwisho la kujifunzia halihusu kampuni changa, bali halmashauri iliyokuwa na haraka. Mwaka 2008 jiji la Chicago lilikodisha mita zake zote za maegesho kwa kampuni binafsi kwa muda wa miaka 75, likapokea takriban dola bilioni 1.15 kwa mkupuo. Baraza liliupitisha mkataba siku chache tu baada ya kuwasilishwa kwake. Mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu wa jiji, David Hoffman, alitoa taarifa iliyokadiria kuwa jiji lilipokea pungufu kwa karibu dola milioni 974 ukilinganisha na thamani halisi ya mita hizo. Ada zilipanda haraka, na hadi leo jiji likifunga mtaa kwa ajili ya matengenezo au sherehe, linaweza kulazimika kuilipa kampuni fidia ya mapato iliyoyakosa. Mtoto aliyezaliwa Chicago mwaka ule atakuwa mzee wa miaka zaidi ya 70 mkataba utakapoisha. Jirani zetu wa Nairobi walichukua mkataba mfupi zaidi: kaunti yao ilianza kukusanya ada kielektroniki, zikiwemo za maegesho, kupitia JamboPay mwaka 2014, na mwaka 2019 mkataba ulikoma.

Kwa hiyo mwananchi anaposikia katika mkutano mkuu wa kijiji au kupitia kwa diwani wake kwamba kuna kampuni inayotaka kusimamia maegesho ya soko au stendi, ana haki ya kuuliza mambo ya wazi: mkataba ni wa miaka mingapi, kampuni inachukua sehemu gani ya kila shilingi, taarifa za wateja zinabaki mikononi mwa nani mkataba ukiisha, na asiye na simu janja atalipaje. Maswali hayo si uchochezi. Mikutano ya kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu ili yaulizwe.

Na kwa kikundi cha vijana au akina mama walio na uwanja karibu na gulio, mahali pa kuanzia si programu ya simu. Ni daftari. Tuseme uwanja unaingiza magari sita, na kila gari linalipa shilingi 1,000 kwa siku ya gulio. Hizo ni shilingi 6,000 kwa siku, na kwa magulio manne ya mwezi ni shilingi 24,000. Si fedha ya kumfanya mtu aache shamba, na anayewaambia vinginevyo anawadanganya. Lakini viwanja vitano vya majirani vikiwa chini ya kikundi kimoja, chenye mlinzi mmoja na simu moja ya kupokelea malipo, hesabu inabadilika, na magari thelathini yanakuwa yameondoka barabarani.

Andikeni namba ya kila gari, saa ya kuingia na ya kutoka, na mtoe stakabadhi. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani atawajibika gari likikwaruzwa au mzigo ukipungua, kwa sababu siku hiyo itafika. Wasikilizeni majirani kuhusu vumbi na kelele. Kabla ya kuanza, onaneni na Afisa Mtendaji wa Kata kuhusu taratibu za biashara. Daftari la miezi sita lililojazwa vizuri ni ushahidi wenye nguvu mnapoomba mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye anayepokea vikundi na kuvielekeza namna ya kujisajili, naye siku ya gulio hupatikana asubuhi, kabla barabara haijajaa.